Utando Uliotumika Tena

Profesa alimlea binti wa dada yake tangu akiwa darasa la pili, na ndiye aliyemfundisha kutumia darubini. Sasa mpwa alikuwa mtafiti katika maabara yake.

Walichunguza vijidudu vya seli moja vya maji ya bwawa. Kikiguswa, kijidudu hutema vishale vya kujikinga, na vifuko vilivyobeba vishale hubaki vitupu. Profesa alikuwa ameandika makala, akasifiwa sana, kwamba utando wa vifuko hivyo humeng'enywa ukaisha kabisa. Lakini wiki ile mpwa aliutia utando rangi inayong'aa, akaikuta rangi ileile kwenye vifuko vipya. Akarudia mara nne. Utando ulikuwa ukitumika tena.

Akamwita profesa aje aone.

"Rangi imevuja tu," profesa akasema.

"Tazama mwenyewe, Mjomba."

Mpwa aliondoa kwenye darubini kioo cha sampuli kilichokwishakauka, akageuka kuchukua kingine. Alipotazama tena, mjomba alikuwa ameshainama kwenye darubini.

"Naona," akasema. "Imesambaa ovyo, kama nilivyokwambia."

Kioo kipya kilikuwa bado mkononi mwa mpwa.

"Mjomba, sijaweka kitu hapo."

Mzee hakuinua kichwa.

"Tangu lini huoni?"

"Vitu vikubwa naviona. Hivi vya mwanga hafifu, huu mwaka wa tatu."

Makala ilikuwa na miaka miwili, na picha zake alizichagua mjomba mwenyewe.

"Mbona hukuniambia?"

"Nikwambie nini? Wewe uliyaamini macho haya."

Mpwa alitaka kusema wangoje kuisahihisha makala mpaka mjomba astaafu, ilibaki miezi mitano tu. Badala yake alichukua daftari, akamsomea vipimo vyote, kimoja kimoja, na mjomba akamkatiza mara mbili kuuliza maswali makali, kama zamani.

Mwisho mjomba akasema, "Waandikie jarida. Makala iondolewe. Sababu uitaje."

"Hata ya macho?"

"Hiyo hasa."

Jibu la jarida lilifika baada ya wiki tatu: makala imeondolewa. Mpwa alimsomea sebuleni. Mjomba akaomba arudie mstari uliotaja jina lake, akasikiliza hadi mwisho, kisha akainuka, akaenda kulala bila kugusa chakula. Mpwa alibaki pale na barua, asijue kama amemtendea haki au amemvunja.