Kigae cha Kumi na Moja

Tarakimu ya ukinzani wa umeme ilishuka tena. Mapenzi akaikazia macho skrini, akatamani ipande.

"Umeona?" Daktari Ndirangu alikuwa nyuma yake, hakai hatulii. "Hiki cha kumi na moja kinapitisha umeme kuliko vyote. Ule unga wa seria umefanya kazi."

Kigae chenyewe hakikuzidi kifungo cha koti: kauri nyeusi ya kuvuta hewa ndani ya seli inayozalisha umeme kwa gesi. Miezi sita Mapenzi alikuwa akitwanga unga wake kwa kinu kidogo katika maabara ya chuo, Kilifi, na kuuongezea chembe za seria, oksidi ya metali adimu, kigae baada ya kigae. Saa kumi Ndirangu angetuma matokeo kwa wafadhili. Wakiyakubali, Mapenzi angeajiriwa. Wakiyakataa, angerudi Gongoni kukokota chumvi.

Lakini kuna jambo alikuwa hajalisema. Jumanne iliyopita, alipokuwa akipima seria ya kigae hiki, aliingia Mzee Fondo, mlinzi wa lango. Sasa mzee wa watu utamsalimu kwa mkato? Shikamoo, marahaba, mama hajambo, mahindi yameota, na mjomba je, mguu wake? Mapenzi aliporudi kwenye mizani, karatasi ya kupimia ilikuwa tupu. Alishamimina seria au bado? Akapima nyingine, akamimina, na daftarini akaandika kipimo kimoja. Ujinga mtupu, na huenda ndio ulioleta furaha yote hii.

Saa tisa na nusu alikuwa ameshaizunguka meza mara tatu, akipangusa kinu kilichokwisha kuwa safi.

"Daktari, usitume."

"Kwa nini?"

Akamweleza yote, mpaka mguu wa mjomba. Ndirangu akaketi, uso umemsawijika. Mapenzi aliona aibu hata kumtazama.

"Kwa hivyo uliweka mara moja ama mara mbili?"

"Mwenyewe sikumbuki."

"Na kama ungenyamaza?"

"Usingejua."

Kisha Ndirangu akaifunga ile barua pepe bila kuituma, akamsogezea daftari na kalamu.

"Rekebisha. Kwa mkono wako."

Mapenzi akakikata kile kipimo cha seria kwa mstari mmoja. Chini ya namba za miezi sita akaandika: Sijui.

Ndirangu akalisoma mara mbili, akatia sahihi yake kando ya neno hilo.