Kaka Alipopinga Kiwanda Kuokolewa

Wenzake walimwita Cheche, maana kwa miaka kumi na tisa alichomelea milango ya malori kiwandani, na mikono yake ilijaa alama za moto. Uchumi ulipoanguka, magari mapya yakabaki uwanjani yakipigwa jua bila mnunuzi, na kampuni ikaiomba serikali iiokoe. Kamati ya bunge ikataka kusikia wananchi. Wafanyakazi wakamchagua Cheche awasemee, kwa kuwa ulimi wake haukuwa na breki.

Asubuhi hiyo alikaa kiti cha mbele, hotuba yake imekunjwa mara nne kiganjani. Mwenyekiti wa kamati, mama mwenye miwani minene, akatangaza kwamba wangeanza na upande unaopinga.

"Aingie fundi viatu."

Aliyeingia alikuwa kaka yake wa toka nitoke.

Jumapili tu walikuwa wamekula pamoja kwa mama yao, na kaka hakudokeza neno. Hata shati alilovaa, Cheche ndiye aliyemnunulia.

Kaka akaisogelea maikrofoni kwa uangalifu, kana kwamba ingemng'ata.

"Mheshimiwa, nilikuwa na karakana ya viatu, watu kumi na mmoja. Viatu rahisi kutoka nje vilipojaa sokoni, nilibisha hodi kila ofisi. Nikaambiwa biashara ni kupanda na kushuka. Nikafunga, na hakuna aliyeita kikao. Leo kiwanda kikubwa kimepiga chafya, wote mnakimbilia daktari. Ndiyo kusema mwenye nguvu mpishe, sisi wadogo tufe kimya?"

"Una ndugu kiwandani?" mwenyekiti akauliza.

"Nina dada. Yule pale." Akanyoosha kidole bila kumtazama.

Ukumbi mzima ukageuka. Cheche alipoitwa aliikunjua karatasi, lakini herufi zilimchezea machoni. Akaiweka chini.

"Mheshimiwa, huyu kaka ndiye aliyenisomesha chuo cha ufundi, kwa viatu hivyo hivyo. Siku alipofunga karakana nilikuwa zamu. Sikwenda hata kumpa pole. Niliona ni kijiduka tu kimefungwa." Akamwelekea mwenyekiti. "Anayosema ni kweli. Lakini kosa mlilomfanyia yeye msilirudie kwa watu elfu nne. Tuokoeni, ila wakubwa wetu wasiguse marupurupu. Na karakana ya watu kumi na mmoja ikibisha hodi kesho, ifungulieni."

Kaka akamgeukia kwa mara ya kwanza. Alikuwa ameachama.

Nje, kwenye korido, Cheche alimshika mkono. "Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungeniomba nisije. Na mimi sijawahi kukukatalia kitu."



Wiki mbili baadaye serikali ilikubali, lakini nusu nusu. Kiwanda kingebaki, ila upande wa malori ungefungwa. Majina ya wanaoondoka yalibandikwa kwenye ubao karibu na geti. Cheche aliyapitia haraka akitafuta ya rafiki zake, akakuta lake. Akalisoma tena, kisha mara ya tatu akilifuata kwa kidole, kama mtoto anayejifunza kusoma. Nyuma yake fundi rangi mmoja akasema kwa sauti ya kusikika, "Si alimuunga mkono kaka yake? Mkuki kwa nguruwe!"

Cheche akaketi palepale chini, akiwa na viatu vyake vya kazi miguuni.

Jioni kaka alikuja, habari keshazipata kwa mama. Alisimama mlangoni.

"Dada, nilitaka wanisikie tu. Sikujua kwamba wewe..."

Cheche alitamani kumfungia mlango usoni. Mkono wake ulikuwa tayari kwenye kitasa.

"Ingia," akasema mwishowe. "Lakini leo usiniombe msamaha. Bado sijaamini kwamba kazi imekwisha."

Kaka akaingia, akaketi karibu na mlango kama mgeni.