Tarehe ya Kufungwa Nekoda

Hii ilikuwa mara ya tatu Léonie kumkokota baba yake kutoka Mbunya hadi ofisi ya parokia, na kwa mara ya tatu mzee alikuwa anaharibu mambo. Yalikuwa yamemfika shingoni.

Swali lenyewe lilikuwa jepesi. Mwalimu Floribert alikuwa akiandika kitabu cha stesheni zilizofungwa za reli ya Mungbere, maadamu bunduki zimenyamaza kidogo na watu wanapata nafasi ya kukumbuka. Kila stesheni ukurasa wake: wafanyakazi, siku ya kufunguliwa, siku ya kufungwa. Nekoda, kule msituni, ilikosa siku ya kufungwa tu, na shefu wake wa mwisho, yaani mkuu wa stesheni, ndiye huyu mzee Anselme, ameketi na kofia magotini, mkaidi kupita kiasi. Karatasi zilikuwa zinakwenda kwa mchapaji mchana huo. Bila tarehe, hakuna ukurasa. Na mama yake Léonie, aliyefagia stesheni ile miaka kumi na tisa akazikwa nyuma yake, hatatajwa popote.

Mzee alieleza sababu yake tena, taratibu, utadhani anamfundisha karani mpya. Reli ilikuwa moja, treni mbili zisingeweza kupishana. Dereva hakuondoka mpaka shefu amkabidhi fimbo ya njia mkononi. Fimbo isiporudi, basi treni ingali njiani, na stesheni yenye treni njiani haifungwi. Mwaka vita ilipoingia huku kwa mara ya kwanza, alimpa fimbo dereva Donatien, aende Mungbere. Fimbo haijarudi.

Floribert akafunika kalamu yake. Hapo Léonie akashindwa kujizuia.

“Papa, sema tarehe yoyote. Ile train ilishaisha. Iko vyuma tu, majani inaota juu yake.”

“Ilibeba watu.”

“Watu gani? Unangojea nani miaka yote hii?”

Mzee aliigeuza kofia, akaigeuza tena.

“Aimé alikuwa mule. Ni mimi nilimupandisha.”

Léonie akaketi. Wakati ule alikuwa analelewa na shangazi yake huko Marabo, na barua iliyomfikia ilisema kaka yake Aimé amekufa kwa homa, amezikwa Nekoda. Alimlilia, akamaliza, akaolewa, akazaa.

“Na homa?”

“Mama yako alisema tuandike vile. Weye uishi. Kungojea, siye wawili tutangojea.”

Alitaka kumpigia kelele. Alitaka kumpigia kelele na mama yake pia, huko aliko. Hasira ilimjaa, na hakuona pa kuituma.

Mwalimu Floribert aliuliza kwa upole kama angalau mwaka wa ile safari unaweza kuandikwa kuwa mwaka wa kufungwa.  Mzee alikuwa anamtazama binti yake.

“Hatuna tarehe, mwalimu. Fimbo haijarudi,” Léonie alisema, na Floribert akapiga mstari juu ya jina la Nekoda.