Daftari la Sita

Gwenda Tranter aliukuta ukurasa ule saa moja na robo asubuhi, mezani jikoni, chai yake ikiwa bado ya moto mno kunyweka. Alikuwa akibandika vijikaratasi vyeupe kwenye madaftari yake manane ya matembezi, kila ukurasa uliotaja njia ya Hollin, ili afisa wa halmashauri asipate tabu ya kutafuta. Alikwisha kubandika zaidi ya mia moja. Alipofika katikati ya daftari la sita, mkono ukasita.

*Jumanne, 25 Oktoba 2011. Baridi kavu. Lango la Hollin lina mnyororo na kufuli. Kibao: Njia imefungwa leo kwa amri ya mwenye shamba. Clive alikasirika. Tumerudi kwa barabara.*

Mwandiko ulikuwa wake. Alitazama kalenda kwenye simu. Tarehe ile ilikuwa Jumanne kweli. Yeye na Clive, mumewe, walikuwa likizoni wiki ile. Hata sasa hakuukumbuka mnyororo wala kufuli, lakini miaka thelathini ya kazi katika ofisi ya ramani ilimfundisha kuamini kilichoandikwa siku ile ile kuliko kinachokumbukwa baadaye.

Sheria ya njia za miguu ni fupi. Watu wakipita mahali miaka ishirini mfululizo, bila kuomba ruhusa na bila kuzuiwa, njia inakuwa ya umma. Lakini mwenye shamba akifunga lango waziwazi, hata siku moja, kuonyesha kwamba ardhi ni yake, hesabu inakatika. Januari iliyopita Bi. Philippa Corfield, mwenye shamba la Hollin, alisimamisha kibao cha kukataza wapitaji. Clive, mwenyekiti wa chama cha watembeaji cha Aston Wick, akapeleka madai. Watu thelathini na mmoja walitia saini kwamba katika miaka ishirini hawakulikuta lango limefungwa. Saini ya kwanza ilikuwa ya Clive. Ya pili ilikuwa ya Gwenda.

Bi. Corfield alijibu kwamba marehemu baba yake alilifunga kila mwaka, Jumanne ya mwisho ya Oktoba. Hakuwa na ushahidi. Msimamizi wa shamba alikwisha kufa, na karatasi zake zilioza kwenye banda lililovuja. Chama hutembea Jumapili, na Jumanne watu huwa kazini. Hakuna aliyekuwa ameona kitu.

Gwenda alifunga daftari, akalitia katika begi la mgongoni pamoja na mengine saba, akaenda kumtafuta mumewe.

Clive alikuwa mbele ya ukumbi wa kijiji, katikati ya watu kumi na wawili waliovaa mabuti na makoti ya mvua. Ilikuwa Jumapili ya mwisho ya Oktoba, siku ya mwisho ya bustani ya Hollin kufunguliwa kwa wageni kabla ya baridi. Bi. Corfield alikuwa ameruhusu watu wapite njia ile kwa siku hiyo ili afisa aikague. Afisa mwenyewe, msichana mrefu aitwaye Anwen Beddoes, alikuwa anakaza kamba za viatu.

"Clive, nataka neno na wewe."

"Mama, neno litangoja. Saa zimerudishwa nyuma usiku wa kuamkia leo, kufikia saa kumi na moja ni giza." Akamgeukia afisa. "Huyu ndiye mke wangu. Madaftari yote yako mgongoni kwake. Miaka ishirini, hakuna siku aliyotembea asiyoiandika. Akipiga chafya anaandika."

"Nimesikia sifa zako," alisema Anwen. "Ofisini hatujawahi kupata kitu kama hicho. Kwa kawaida watu hutuletea picha za mbwa."

Wakacheka, wakaanza safari.

Njia ilipita nyuma ya kanisa, ikashuka bonde la kondoo, ikapanda kando ya ua wa michongoma uliojaa vitunda vyekundu. Umande ulikuwa bado kwenye majani, na mialoni ya msitu wa juu ilikuwa imegeuka rangi ya shaba. Clive alitangulia na afisa, akimwonyesha kila jiwe lililolika kwa nyayo. Neville Pask, tarishi mstaafu mwenye nyonga mbovu, alijikongoja nyuma na Gwenda.

"Leo umenuna, shemeji."

"Sijanuna."

"Basi hizo daftari nzito. Nipe nusu, nikianguka nianguke na ushahidi."

"Nitazibeba mwenyewe, Neville."

"Zibebe salama. Njia hii ikifungwa mimi nimekwisha. Kule barabarani maili tatu, hakuna hata kando ya kukanyaga, magari yanapita kama yanafukuzwa. Nyonga hii hairuki mtaroni."

Hilo nalo lilikuwa kweli, na Gwenda aliliweka kichwani upande wake. Njia ikipotea, Neville na wenzake sita wenye umri ule hawatauona tena msitu kwa miguu yao. Akisema, ndivyo itakavyokuwa. Asiposema, atakuwa ametoa neno la uongo kwa halmashauri akijua ni la uongo. Jana alikuwa amekosea kwa kutokumbuka. Tangu saa moja na robo, jina la jambo hilo lilikuwa limebadilika.

Kulikuwa na jambo la tatu. Daftari lilisema Clive alikuwapo na alikasirika. Clive husahau miadi ya daktari, lakini hasira zake huzikumbuka.

Walifika kwenye lango saa tano kasoro dakika chache. Lilikuwa lango la mbao la kawaida. Anwen alichutama akakagua nguzo. Palikuwa na mkwaruzo kwenye mbao, wa zamani, wenye kuvu. Ungeweza kuwa wa mnyororo, ungeweza kuwa wa ng'ombe. Akapiga picha.

Gwenda alimshika mumewe mkono, akamvuta hatua tano pembeni.

"Nakuuliza, unijibu polepole. Uliwahi kulikuta lango hili limefungwa?"

"Hapana."

"Nimesema polepole."

"Gwen, tumeshaliandika hilo. Hapana." Alikuwa anatazama mabuti yake. "Twende, keki zitaisha."

Jibu lilikuja kabla swali halijatua. Gwenda alilipima. Mtu aliyesahau angeuliza kwa nini anaulizwa.

Bustanini kulikuwa na watu kama mia mbili. Walizunguka taratibu, mikono nyuma, wakisoma vibao vya majina ya mimea. Mawaridi ya mwisho yalikuwa bado yanachanua kwenye ukuta wa matofali, na chini ya mitufaha matunda yaliyoanguka yaliachwa kwa ajili ya ndege. Bi. Corfield, mwanamke wa miaka hamsini na kitu mwenye udongo kwenye kucha, alikuja akasimama kando ya Gwenda.

"Baba yangu alikuwa akikutaja. Alikuita yule mama anayefunga malango nyuma yake."

"Asante."

"Mimi sina ugomvi na nyinyi. Mbwa wa wageni wameniulia kondoo wanne. Nataka niwe na uwezo wa kusema hapana siku nikitaka kusema hapana, basi." Akang'oa jani bovu. "Baba alilifunga kila mwaka. Nilikuwa namwona akitoka na mnyororo. Lakini neno la binti yake si ushahidi, bwana Clive amenieleza vizuri."

"Hakuna aliyewahi kukuamini?"

"Ungeniamini wewe?"

Gwenda aliomba radhi, akaenda chooni, akafungua daftari la sita tena. Ukurasa ulikuwa umeshonwa kwa uzi, wa tatu kutoka katikati. Kuuchomoa ni kazi ya sekunde nne, lakini ukurasa pacha wake, wa upande wa pili wa mshono, ungelegea. Mtu makini angeona. Aligundua kwamba alikuwa amelipima hilo hadi mwisho, na jambo hilo halikumpendeza.

Walipokaa kwenye chai chini ya hema, Clive alikuwa amekwisha kupanga mambo. Skonzi zilisukumwa pembeni. Alichukua begi la mkewe akatoa madaftari, moja moja, akiyaweka mbele ya afisa kama mtu anayepanga karata anazojua zitashinda.

"Saba," alisema Anwen.

"Nane," alisema Clive. "Gwen, la sita liko wapi?"

Lilikuwa mapajani pake, chini ya meza. Watu wote walimtazama. Neville aliacha kutafuna. Meza ya pili Bi. Corfield alikuwa anamimina chai, mgongo umewaelekea.

"Labda umeliacha nyumbani," alisema Clive. Alilisema taratibu, na alikuwa anamtazama machoni kwa mara ya kwanza siku ile. "Ukiliacha nyumbani si neno. Saba yanatosha. Au siyo, Bi. Beddoes?"

"Saba ni mengi," alisema Anwen.

Mlango uliwekwa wazi hivyo mbele yake, na aliyeufungua ni Clive. Sasa Gwenda alijua kwamba mumewe anakumbuka.

Akaliinua daftari akaliweka mezani. "Hili hapa. Anza na tarehe ishirini na tano Oktoba. Saini yangu naiondoa. Nilitia nikiwa sikumbuki."

Anwen alisoma. Alisoma mara ya pili kidole kikifuata mstari. "Clive huyu ndiye wewe?"

Clive alikoroga chai isiyo na sukari. "Ndiye mimi."

"Na ulipotia saini, ulikuwa unakumbuka?"

"Hapana. Nilikumbuka wiki moja baadaye, nikiwa nanyoa ndevu. Nilikwisha kuahidi madaftari." Akaweka kijiko chini. "Nikasema, nani atasoma madaftari manane."

"Mimi," alisema Gwenda.

Hakuna aliyecheka. Anwen alieleza kwa sauti ile ile ya kukagua nguzo kwamba taarifa iliyotiwa saini yaweza kuondolewa kwa barua kabla ya Ijumaa, na kwamba ikiondolewa hakuna atakayefuatilia zaidi. Ila madai, kwa ukurasa huu, hayatasimama. Akaomba ruhusa kupiga picha. Bi. Corfield alikuwa amekwisha kugeuka, birika mkononi.

"Jumanne," alisema.

"Jumanne," alisema Anwen.

Bi. Corfield aliweka birika chini kwa uangalifu. "Sitawakataza kupita. Nitatoa kibao kile niweke kingine, kwamba mnapita kwa ruhusa. Bila mbwa. Na siku nikiona vibaya, nitaiondoa."

"Chama hakipiti kwa hisani ya mtu," alisema Clive.

"Chama kina nyonga ngapi?" aliuliza Neville. "Mwenyekiti, nakuheshimu, lakini mimi nakwenda zangu kwa hisani. Bibie, nimeshukuru, na skonzi pia nimeshukuru."

Wengine wakamfuata, mmoja mmoja, bila kumwangalia Clive. Saa kumi kasoro robo jua lilikuwa limekwisha kugusa msitu. Clive alifunga koti, akashika njia ya geti kubwa, kuelekea barabarani. Gwenda alimwacha atangulie hatua ishirini, kisha akamfuata. Watu wawili barabarani huonekana mapema kuliko mmoja.

Walitembea wameyaelekea magari, mmoja nyuma ya mwingine. Kila gari lilipokuja walijibana kwenye ua, miiba ikikwaruza mabegi, wakangoja, wakaendelea. Walikwenda maili nzima hivyo.

"Ungeniambia nyumbani," alisema Clive bila kugeuka.

"Nilikuuliza langoni."

"Jibu ulikuwa nalo begini."

"La lango nilikuwa nalo. La kwako sikuwa nalo."

Lori la matufaha lilipita, upepo wake ukawasukuma wote wawili majanini. Clive alirudi barabarani kwanza. Akasimama, safari hii akamgeukia, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyechoka kuliko umbali aliotembea.

"Hiyo barua ya Ijumaa. Wewe una mwandiko mzuri na unajua lugha yao. Utaniandikia?"

Gwenda alitazama nyuma yake, kwenye kona, kama kuna gari. Halikuwapo.

"Andika mwenyewe," alisema. "Mimi nitasoma."