Cherehani Iliyostaafishwa

Nyumba ya baba mkwe wangu imejaa viti na hakuna pa kukaa. Kuna kiti cha kinyozi chenye mguu wa chuma, kuna cha kubembea, na kuna benchi la shule lililochorwa kwa visu vya watoto ambao sasa ni vikongwe. Vyote vina utepe mweupe, na utepe maana yake usiguse. Mimi na yeye tunakula jikoni juu ya vigoda vya plastiki, kila mtu na sahani yake mapajani, kama wageni waliokuja bila taarifa.

Utepe ni mambo ya Chama cha Wapenda Vya Kale. Baba mkwe ni mweka hazina wao, ingawa hazina yenyewe sijawahi kuiona, labda ni vumbi. Mwenyekiti ni daktari wa meno mstaafu, mtu wa suti na kalamu mfukoni, ambaye akitaka kuangalia droo huinama mbele yake na kusema "fungua kidogo," kana kwamba droo ina jino bovu. Anayemfuatia kwa sauti ni mama mmoja tunayemwita Bi Saa, kwa kuwa nyumbani kwake kuta zote ni saa na hakuna hata moja inayotembea. Hajawahi kufika kikaoni kwa wakati.

Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi wanakuja kwetu kustaafisha kitu. Ndivyo wanavyosema wenyewe. Mmoja anasimulia kile kitu kimefanya kazi gani maishani mwake, mwingine anakipangusa kwa kitambaa kikavu, Bi Saa anafunga utepe, halafu wanapiga makofi kama watu wanaomuaga mwenzao ofisini. Kuanzia hapo kitu kimepumzika. Hakitiwi mafuta, hakitumiki, hakisogezwi hata unywele. Tena kinastaafishwa kama kilivyokutwa. Droo ikikutwa wazi, itabaki wazi mpaka kiama.

Ndiyo sababu dirisha la sebuleni halifunguki. Kabati la vyombo lilikuwa limesukumwa pale kwa muda tu, siku za kupaka rangi, chama kikalikuta. Mlango wa nyuma umezibwa na sanduku la chuma kwa mtindo huo huo. Tumebaki na mlango mmoja, nao unaufikia kiubavu ubavu, tumbo ndani, ukiziomba radhi samani. Siku za joto nilikuwa nasimama kizingitini nikivuta pumzi kama mtu aliyetoka kupiga mbizi.

Kwa nini sikuondoka? Nilikuwa naondoka. Mume wangu anaendesha mashine ya kunyanyua mizigo kwenye ghala, mji mwingine, na tangu tuoane tumeishi zaidi kwenye simu kuliko chumbani. Mwishowe akapata vyumba viwili, kimoja kimetazama barabara. Akaniambia, "Hiki cha mbele ni chako. Weka cherehani yako hapo, watu wakuone ukishona." Nililia kwa furaha, nikajificha chooni nisije nikaulizwa.

Cherehani ilikuwa yangu kweli. Ni ya kukanyaga kwa miguu, nzito, meza yake ya mbao na miguu ya chuma, na aliyenifundisha kuitumia ni marehemu mama mkwe. Siku zake za mwisho alinishika mkono akasema, "Ile ni yako. Usikubali mtu aigeuze meza ya maua." Sisi wawili tu tulikuwepo chumbani. Ndiyo kazi ninayoijua, na bila hiyo kule ningekwenda kukaa tu, nikimngoja mume arudi kutoka ghalani, kama nilivyokuwa nakaa huku nikingoja simu yake.

Nikamwambia baba mkwe habari ya vyumba siku ya Jumatatu, tukiwa jikoni. Akasema, "Vizuri, mwanangu," akaendelea kula. Jumamosi yake nilitoka sokoni, nikaingia kiubavu na kikapu juu ya kichwa, nikawakuta wamezunguka kona yangu ya kushonea. Baba mkwe alikuwa anamaliza kusimulia jinsi mkewe alivyowavika watoto wa mtaa mzima kwa mashine ile. Bi Saa alikuwa anakaza fundo la utepe kwenye gurudumu.

Nilisema, "Jamani, hiyo natumia."

"Ulikuwa unatumia," mwenyekiti alisema kwa upole. "Imefanya kazi vya kutosha, mama. Iache ipumzike."

"Kuna gauni la mtu chini ya sindano!"

Kweli lilikuwepo. Mteja wangu mmoja, mwalimu, alikuwa amelileta nimrekebishie mikono, na nilikuwa nimeuacha mkono wa kushoto nusu umeshonwa, sindano imezama kwenye kitambaa. Mwenyekiti akainama, akalitazama lile gauni kwa makini, akatabasamu.

"Kama ilivyokutwa," alisema.

Wakapiga makofi. Nilimtazama baba mkwe, naye alikuwa anatazama viatu vyake.

Wiki zilizofuata ziliniminya. Mwalimu alikuja mlangoni mara ya kwanza akacheka, mara ya pili hakucheka. Nilimwonyesha gauni lake kwa mbali, juu ya bega la kiti cha kinyozi, kama vile ni mgonjwa asiyeruhusiwa kuguswa. "Dada, ni nguo hiyo au ni sanamu?" aliuliza. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Wateja wengine nikawarudishia vitambaa vyao. Mchana kutwa nikawa sina la kufanya ila kupangusa vitu ambavyo haviruhusiwi kupanguswa kwa kinachozidi kitambaa kikavu, nikizunguka humo ndani, kutoka kabati hadi sanduku, sanduku hadi kabati.

Nilijaribu kwa baba mkwe. "Baba, mama aliniachia mimi."

"Najua," alisema.

"Sasa?"

"Sasa iko mikononi mwa chama. Chama ndicho kinaweza kuirudisha kazini, kwa kura. Mimi peke yangu siwezi." Alikuwa anapuliza chai ambayo ilishapoa.

Na mume wangu naye simuni: "Mwenye nyumba anauliza tunahamia au hatuhamii. Kuna mtu mwingine anavitaka." Nilimwambia angoje kikao. Akasema, "Kikao cha nini tena? Mke wangu, wewe ni wa kuombewa ruhusa na wapenda viti?" Nikamwambia tu nitazungumza nao.

Jumamosi ya kikao ilipofika niliwaandalia chai na maandazi, maana mdomo unaotafuna hausemi hapana haraka. Walipotulia, wamesimama wote kama kawaida yao, nikaomba neno. Nilikuwa na hasira ya mwezi mzima lakini niliikalia.

"Wazee wangu," nilisema, "nyinyi mnapenda vitu vya kale, na mimi sina ubaya nanyi. Lakini hii mnaijua kwa kuiangalia tu. Hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuisikia. Niruhusuni nishone nayo mara moja, nimalizie gauni la watu. Mkishaisikia, pigeni kura yenu."

Walitazamana. Bi Saa ndiye aliyesema, "Ah, mwache binti ashone, tuna haraka ya kwenda wapi?" Yeye mwenyewe alikuwa ndiyo kwanza amefika. Akaufungua utepe kwa vidole vyake.

Nikakaa. Nilikuwa nimesahau jinsi kile kiti kidogo cha kushonea kilivyonikaa mwilini. Nikaweka tone la mafuta pale panapolia, nikaushika mkono wa gauni, nikazungusha gurudumu, nikakanyaga. Mwanzo ilikwama, mkanda ulikuwa umekauka. Halafu ikakubali. Ile sauti yake ikajaa sebule nzima, ikapita chini ya viti na kabati, vikombe vikaanza kutetemeka kwenye sahani zake. Nikaona raha ambayo sikuwahi kuiona humo ndani tangu msiba. Nikamaliza mkono, nikakunja upindo, nikashona na upindo, na sikutaka kusimama.

Nilipokata uzi niliinua macho. Bi Saa alikuwa anajifuta macho na ule utepe. Mwenyekiti alikuwa amevua miwani.

"Nimekuwa kwenye chama hiki miaka mingi," alisema, "na leo ndiyo nimeona kitu cha kale kikiwa hai. Tumekosea. Cherehani hii haikupaswa kunyamazishwa. Napendekeza irudishwe kazini."

Mikono yote ikanyanyuka, wa baba mkwe wa mwisho. Nilitaka kuruka. Nilianza kushukuru, nikashika meza ya cherehani nisimame, mwenyekiti akanyoosha kiganja.

"Hapana, mama, kaa hivyo hivyo." Akarudi nyuma hatua kidogo, akainamisha kichwa upande mmoja, kama ananichunguza meno. "Wenzangu, angalieni. Mashine bila fundi ni chuma. Fundi bila mashine hii ni mtu wa kawaida. Kama vilivyokutwa, au siyo? Vikae pamoja, mahali hapa hapa. Tuje kila mwezi atushonee kidogo."

"Na watoto wa shule waletwe waone!" Bi Saa alisema.

"Mimi nahama," nilisema. "Mume wangu ameshapata nyumba."

Walicheka, si kwa ubaya. Walicheka kama mtu anavyocheka mtoto akisema ataoa kesho. "Utahamaje, mwanangu," Bi Saa alisema, akinipapasa bega, "na tumekupenda hivi?" Na akiwa bado anaongea akafunga utepe, safari hii kwenye mgongo wa kiti nilichokalia, nikiwa nimekikalia. Wakapiga makofi kuliko siku zote. Mmoja aliniomba nisitabasamu, apige picha.

Nilikaa pale mpaka wa mwisho wao alipotoka. Si kwamba walinizuia.

Nilimkuta baba mkwe jikoni anaosha vikombe, kazi ambayo hajawahi kuifanya mbele yangu. Jua la jioni lilikuwa linaingia kwa kitundu cha juu ya sinki, ndilo dirisha pekee lililobaki.

"Baba," nilisema, "uliiweka kwenye chama wiki ile ile niliyokuambia nahama."

Hakugeuka. "Ndiyo."

"Basi haikuwa mapenzi ya cherehani."

Aliosha kikombe kilichokwisha kuoshwa. "Nilijua huwezi kwenda bila hiyo. Nikasema, nikiishika hiyo..." Akaweka kikombe chini, akaanza tena. "Hawa wakija, wananiuliza kabati lina hali gani, saa ina hali gani. Wewe ndiye unayeniuliza nimeamkaje. Ukiondoka nitabaki na nani humu? Nitakuja kuongea na sanduku?"

Nilitaka kumkasirikia. Nilikuwa na haki, na maneno nilikuwa nayo tayari, nimeyapanga mwezi mzima. Lakini shingo yake ilikuwa imekuwa nyembamba ndani ya kola na mimi ndiye ninayezifua zile kola, na sikuwa nimeona. Nikajikuta nalia, na hasira yenyewe iko pale pale.

"Ni makosa," alisema. "Mama yako angenitukana. Chukua cherehani, uende kwa mumeo. Chama nitakiambia mwenyewe."

Akajifuta mikono kwenye suruali, akapita mbele yangu kwenda sebuleni. Nilidhani ni maneno tu. Nikasikia kitu kizito kikiburuzwa sakafuni, nikatoka kuangalia. Alikuwa amekata utepe wa kiti cha kinyozi na anakisukuma, miguu ikiteleza, kukipisha njia. Baada yake akashika benchi la shule. Viti ambavyo havijasogea tangu nilipoolewa vilikuwa vinaondoka mahali pake kimoja kimoja, na sakafu chini yake ilikuwa nyekundu inang'aa, kama ya nyumba mpya. Njia ikafunguka kutoka cherehani mpaka mlangoni. Mtu angeweza kupita kifua mbele.

Simu ikalia. Alikuwa mume wangu.

"Vipi, wamekubali?"

"Baba amekubali," nilisema. "Ananipa."

"Alhamdulillah! Nikupangie gari kesho? Maana mwenye nyumba ananisubiri hapa hapa nje. Nimwambieje?"

Baba mkwe alikuwa ameifikia cherehani. Alivua shati la kikao akabaki na fulana, akaifunika mashine kwa blanketi lake la kulalia, akazungushia kamba, akajaribu kuinyanyua upande mmoja. Ilimshinda. Akapumzika, mkono kiunoni, akajaribu tena.

"Haloo? Upo? Nimwambie kesho?"

"Mwanangu," baba mkwe aliita bila kunitazama, akihema, "njoo unishikie upande huu. Peke yangu siwezi."

Mlango ulikuwa wazi, njia nyeupe, cherehani imefungwa, na hakukuwa na kitu chochote kilichonizuia. Nilisimama katikati ya sebule, simu sikioni, na sikuweza kumjibu hata mmoja wao.