Jicho la Mashine, Jicho la Mkono

Mtaani walimwita Mama Vifungo, ingawa hakuwa na mtoto, kwa sababu hakuna fundi aliyeshona matundu ya vifungo kwa mkono akamfikia. Chumba chake cha kazi kilikuwa na dirisha moja pana na cherehani mbili. Ya pili aliikalia wifi yake, dada wa mumewe, ambaye mguu wake ulikanyaga cherehani na mdomo ukapiga soga, na vyote viwili havikuchoka.

Wifi ndiye aliyegundua. Alimwona ameinamia gauni mpaka pua inagusa kitambaa, akamtania kwamba akiendelea hivyo ataishona na pua yenyewe. Mama Vifungo alicheka, kisha akakiri. Kwenye futi ya kupimia, penye mstari mmoja yeye aliona mitatu. Taa za barabarani zilikuwa zimeota mikia. Miwani alikuwa amebadilisha mara nne katika miaka miwili, na kila mpya ilimfaa majuma machache tu.

Hospitalini walimweleza kwamba kioo cha mbele ya jicho, kinachoitwa konea, kilikuwa kimepungua unene na kuchomoza kama ncha ya yai, macho yote mawili. Kwanza walimtibu kwa matone na mwanga maalumu ili ugonjwa usiendelee, nao ukatulia. Lakini uono haukurudi. Lenzi ngumu alizopewa avae juu ya jicho zilimshinda, maana vumbi la vitambaa liliingia chini yake, akawa anashinda akitokwa na machozi kama aliyefiwa. Ndipo likaja shauri la pete: vipande vidogo vya plastiki vilivyopinda kama mwezi mwandamo, vinavyoingizwa ndani ya konea ili kuivuta irudi kwenye umbo lake.

Pete ilikuwa ile ile. Kilichobishaniwa ni namna ya kuchimba njia ya kuipitisha. Daktari mzee, ambaye mikono yake ilikuwa haijaanza kutetemeka, aliichimba kwa kisu kidogo kilichopinda. Daktari mwenzake, mwanamke aliyewahi kuwa mwanafunzi wake, aliikata kwa mashine ya leza. Walifanya kazi chumba kimoja, na hospitali nzima ilijua kwamba chai yao haikuisha bila ubishi huo.

Mama Vifungo aliwasikiliza wote wawili wakisifia kazi zao, akaona hajasaidika.

"Nikienda kununua hariri," aliwaambia, "muuza hariri simuulizi habari za hariri. Namuuliza habari za pamba. Kwa hiyo wewe daktari nisifie mashine, na dada hapa anisifie mkono."

Wifi, aliyekaa pembeni na mkoba mapajani, aligeukia ukutani kuficha kicheko.

Daktari mzee alisema kwamba mashine hukata njia kwa sekunde chache, na kina chake hulingana kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mkono, hata uwe hodari vipi, huweza kupanda juu au kuzama. Katika miaka yake yote alikuwa amewahi kutoboa konea mbili mpaka upande wa pili, na wagonjwa hao aliwakumbuka kwa sura. Mwanafunzi wake wa zamani alimtazama kwa mshangao. Habari hiyo hakuwa amewahi kuisikia.

Yeye naye akausifu mkono. Alisema mashine lazima inyonye jicho na kulishika, na ikilegea, kazi husimama. Mkono unahisi pale nyama inapogoma, ukajua kupunguza nguvu. Na mwisho wa mwaka, alikiri, wagonjwa wengi wa njia zote mbili huona karibu sawa.

"Jicho lako la kulia, konea yake ni nyembamba zaidi," daktari mzee akamwambia. "Hilo mimi nisingeligusa. Mpe yeye."

Ikawa hivyo. Jicho la kulia lilikatwa kwa leza, na kabla Mama Vifungo hajamaliza kuogopa, kazi ilikuwa imekwisha.

Miezi miwili baadaye alirudi kwa la kushoto, nalo akataka likatwe kwa leza. Safari hii mashine ilinyonya jicho ikaliachia, ikanyonya tena ikaliachia. Mara ya tatu ilipolegea, kabla leza haijawashwa, daktari mwanamke aliizima. Alimweleza mgonjwa wake waziwazi kwamba jicho halishikiki, kwamba anaweza kurudi siku nyingine, au aitwe mzee. Mama Vifungo, akiwa amelala chali na jicho limetiwa ganzi, alisema aitwe.

Mzee alikuja akanawa, akafanya kazi kimyakimya. Mama Vifungo hakusikia maumivu, ila msukumo mpole unaozunguka, na akautambua: ndivyo yeye mwenyewe alivyopitisha sindano kwenye kitambaa asichotaka kukichana.

Macho yalipotulia walimpima kwa ubao wa herufi. La kulia lilisoma mistari mitatu zaidi ya zamani; la kushoto miwili na nusu. Daktari mzee aliiangalia picha ya konea, akamwonyesha mwenzake mahali ambapo njia yake ilikuwa imepanda juu kidogo karibu na mwisho.

"Hapo nilipumua," akasema, na wote wawili wakacheka.

Bado Mama Vifungo alihitaji miwani, ila sasa miwani ilifanya kazi yake. Alichagua yenye fremu nyekundu, akaenda moja kwa moja na wifi yake kwenye duka la nyuzi. Alisimama mbele ya rafu ya buluu, akishika kibonge kimoja cha uzi na kukirudisha, akishika kingine. Zilikuwa buluu kumi na saba, na kila moja sasa aliiona tofauti na jirani yake.

Wifi alichoka, akavuta kiti akakaa. Alimuuliza wanatafuta uzi wa nguo gani.

"Hakuna nguo," Mama Vifungo akajibu. "Naangalia tu."