Mtapo wa Mlangoni mwa Kanisa

Revelian alikuwa mlinzi wa msitu kwenye vilima vya Pugu, na mwaka huo alikuwa amechoka kuliko miaka yote. Walinzi wenzake walikuwa wamepunguzwa, msitu haukupunguzwa. Asubuhi alikuta tanuri za mkaa zingali na joto, mchana akafuata milio ya mashoka asiyoyafikia.

Kitu kimoja tu alikitazama kwa raha: mitapo iliyoota kwenye mteremko wa kichanga, chini ya kivuli cha miti mikubwa. Asiyeijua angedhani ni minazi mifupi. Karibu yote ilikuwa madume. Jike alilijua moja, lenye shina lililopinda kama kiwiko na kovu la moto ubavuni, na mwaka huo lilikuwa limebeba tunda kama nanasi kubwa katikati ya majani. Alikuwa akiwaambia wenzake kwamba mbegu zikianguka, pengine mteremko ule utapata watoto.

Siku moja, mahali pa lile jike, akakuta shimo.

Jumapili iliyofuata alikwenda kusali Chamazi, alikokuwa akiishi na mkewe, Felicitas. Mlangoni mwa kanisa, ndani ya duara la mawe yaliyopakwa chokaa, ulisimama mtapo wenye shina lililopinda. Hakuwa na haja ya kuuzunguka ili aone kovu, lakini aliuzunguka. Ndani, mwinjilisti aliwashukuru akina mama kwa kuipendezesha nyumba ya Bwana. Felicitas, mwenyekiti wao, akasimama akapigiwa makofi. Revelian naye alipiga.

Nyumbani alivua viatu, akakaa barazani, na mkewe alipoleta chai akamuuliza ule mti wameutoa wapi. Felicitas akasema waliununua kwa muuza maua barabarani, na ni yeye aliyeuchagua, maana aliupenda vile ulivyopinda. Ndipo Revelian akamweleza habari ya shimo.

Felicitas akakaa kando yake.

"Lakini pale unamwagiliwa kila siku, baba Praygod. Hauwezi kuishi?"

"Utaishi. Ila pale hakuna dume. Utazeeka peke yake, na kule mteremkoni yatabaki madume matupu."

"Mbona hukusema palepale kanisani?"

"Nimechoka kuwa mtu wa kukataza watu, mama Praygod."

Kesho yake Felicitas alikwenda mwenyewe kwa mwinjilisti kuomba mti urudishwe msituni. Akina mama wengine walikasirika. Jesca, mweka hazina wao, alisema huyo mlinzi angeulinda kabla haujaibiwa. Felicitas hakubisha, kwa kuwa yeye pia alikuwa amewaza hivyohivyo kitandani. Mkuu wa Revelian alikubali mti urudishwe, akamtafuta muuza maua, akakuta ameshahama.

Jumamosi akina mama wakakodi kirikuu. Waliung'oa mtapo, wakaufunga kwa magunia yaliyoloweshwa, na gari lilipofika mwisho wa njia wakaubeba wenyewe kuteremka nao, wakipumzika kila mara. Revelian alitaka kushika shina, mgongo ukamkatalia. Jesca akamwambia akae. Akakaa chini, akawatazama wakifukia.

Majani yalikauka yote. Tunda likanyauka, mbegu zikawa tupu. Kila jioni Felicitas aliuliza, na kila jioni alijibiwa kwamba shina bado gumu.

Masika ilipokolea, juu ya shina yakachomoza majani machanga, laini, yaliyojikunja. Revelian alikuwa akidhani siku hiyo atafurahi sana; aliyagusa tu kwa ncha ya kidole. Akageuka arudi. Chini kidogo, kwenye mteremko uleule, dume moja lilikuwa limechimbwa, na shimo lake linajaa maji ya mvua.

Kisha akampigia simu mkewe, akamwambia habari ya majani kwanza.